Nani alilipa nauli ya kwenda Majengo?

Ruzuku ni neno kongwe kuliko chuo kikuu chochote tulicho nacho. Ni ndugu ya riziki, na yote mawili yametujia kutoka Kiarabu. Bibi wa Mombasa akisema Mungu amemruzuku fulani mtoto, anataja neema ambayo mtu hakuipata kwa jasho lake peke yake. Katika ofisi za Nairobi neno hili limeshuka daraja: ruzuku ni pesa zinazotolewa na serikali au mfadhili kwa kazi maalumu, zikiandamana na fomu, saini tatu na tarehe ya mwisho. Na miaka ya karibuni limepata mjukuu, ruzuku ya mbegu. Wahadhiri wengine husema fedha za kianzio, wengine mtaji wa mbegu. Mimi nashikilia mbegu, maana ndiyo inayotaja hasa kinachofanyika: unatoa kitu ghalani ukijua kwamba hutakila msimu huu, na huenda hata kisiote.

Kwa msomaji asiye na shughuli za vyuoni, hebu nieleze kwa ufupi. Chuo kinatenga kiasi kidogo kutoka mfuko wake wenyewe, kinatangaza, wahadhiri wanaandika maombi ya kurasa chache, kamati ya wenzao inasoma na kuchagua. Anayepewa mara nyingi ni kijana aliyetoka kupata shahada ya uzamifu, ambaye hana jina linalojulikana kwa wafadhili wa nje. Pesa zenyewe hazimlipi mshahara wala hazinunui gari. Zinanunua kinasa sauti, zinamlipa msaidizi mmoja au wawili, zinalipa nauli na chai. Kazi yake ni kumwezesha mtu kukusanya data za kwanza, ili kesho akiandika ombi kubwa kwa mfadhili mkubwa awe na kitu cha kuonyesha mkononi. Bila hizo data za kwanza hakuna anayemsikiliza. Na bila pesa kidogo hakuna data za kwanza.

Mambo haya huzungumzwa kama habari za wahasibu. Mimi nayaona ni habari za historia, na leo nataka kuyapitia kwa njia ya mahali pamoja na swali moja. Mahali penyewe ni Eastlands, Eastlando kama vijana wake wanavyopaita, na swali ni hili: tunayoyajua juu ya lugha ya mitaa hiyo, nani alilipa tukayajua?

Tuanze na mitaa yenyewe. Pumwani, ambayo wenyeji wengi huiita Majengo, ilifunguliwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pa Waafrika wa mjini. Kariokor ina jina la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, jina la Kiingereza la kikosi chao likiwa limetafunwa mpaka likawa Kiswahili. Kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi walisukumwa kwenda Shauri Moyo, na jina hilo hadi leo lina hadithi zaidi ya moja, kila moja na uchungu wake. Miaka ya 1940 zikaja Kaloleni na Ziwani. Miaka ya 1950 Bahati, Jericho, Jerusalem, pamoja na Mbotela na Ofafa, mitaa miwili iliyopewa majina ya wanasiasa wa jiji, Tom Mbotela na Ambrose Ofafa, waliouawa mwanzoni mwa Hali ya Hatari. Mbotela huyo alikuwa wa ukoo uleule uliompa msomaji wa Kiswahili James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa. Baada ya uhuru zikafuata Buruburu, Umoja, Dandora, na kuendelea mpaka Kayole na kwingineko. Mtu akitembea kutoka Muthurwa kwenda Kayole anatembea katika kamusi. Tatizo ni kwamba kamusi hiyo kwa muda mrefu hakuna aliyelipwa kuisoma.

Nasema hivyo nikijua kwamba pesa za kuchunguza Kiswahili zilikuwapo mapema sana. Mwaka 1930 serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziliunda kamati ya pamoja ya lugha, kila moja ikichanga. Makao ya kamati hiyo yalihamahama, na kuanzia 1942 hadi 1952 yalikuwa hapa Nairobi, kabla ya kupelekwa Makerere na hatimaye kurudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 kazi yake ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Kwa hiyo kwa miaka kumi kamati ya kusanifisha Kiswahili iliishi katika mji mmoja na Pumwani, wakati Pumwani ilipokuwa imejaa watu kutoka pembe zote za Afrika Mashariki wakilazimika kuelewana kwa Kiswahili cha aina yao. Lakini serikali zilizochanga zilichangia kitu kingine: vitabu vya shule, tahajia moja, kamusi, yote kwa kufuata Kiunguja kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa 1928. Kiswahili cha Majengo kilikuwa ni kile ambacho mwalimu alipaswa kukifuta kichwani mwa mtoto. Sidhani watu wa kamati walikuwa wabaya. Walifanya kazi waliyolipiwa, na waliifanya vizuri. Hata safu hii inaandikwa kwa matunda ya kazi hiyo.

Pesa za pili kubwa zilitoka Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wakfu wa Ford ulifadhili uchunguzi mpana wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Kitabu cha Kenya, kilichohaririwa na Wilfred Whiteley, kilichapishwa mwaka 1974, miaka miwili baada ya Whiteley mwenyewe kufariki. Ndani yake mwanaanthropolojia David Parkin aliandika sura kadhaa kuhusu Nairobi, moja ikiwa juu ya jamii ya wasemaji wa Kaloleni na nyingine juu ya mtaa wa Bahati. Ni kazi ya thamani. Anayetaka kujua wakazi wa Kaloleni walikuwa wakibadili lugha namna gani kati ya nyumbani, dukani na kazini, pale ndipo pa kuanzia. Lakini uchunguzi wa nchi tano lazima uulize maswali yanayolingana katika nchi tano: kila mtu ana lugha ngapi, anaitumia ipi wapi, anaipenda ipi. Lugha zinaingia kwenye jedwali zikiwa na majina yake ya kawaida. Kitu ambacho watoto wa Jericho na Maringo walikuwa wanakipika wakati huohuo, kisicho na jina katika jedwali lolote, hakingeweza kuonekana kwa urahisi. Jina Sheng lilikuwa bado halijaingia katika maandishi ya wataalamu.

Pesa za tatu zilikuja na wanafunzi wa uzamifu kutoka ng'ambo. Mwaka 1976 na 1977 Luise White alikaa na wazee wa Pumwani na mitaa jirani akiwahoji juu ya maisha ya wanawake wa Nairobi ya kikoloni, na kitabu alichokitoa Chicago mwaka 1990 kimebaki kuwa nguzo ya historia ya mji huu. Janet Bujra naye alikuwa ameandika juu ya wanawake wenye nyumba wa Pumwani katika muongo huohuo. Wanawake wengi waliozungumza na watafiti hao walikuwa wamezaliwa kabla ya Pumwani kujengwa, na walisema Kiswahili cha Nairobi ambacho leo hakisemwi na mtu yeyote. Tunayajua mawazo yao kwa Kiingereza. Sauti yao, jinsi walivyokata maneno, kile walichokiita kodi, mpangaji, mgeni, mume wa muda, tunaipata kwa vipande vipande tu ndani ya tafsiri. Silaumu. Mwanahistoria alikuja kutafuta historia, akaipata. Ila najiuliza mwanaisimu wa Nairobi alikuwa wapi mwaka huo, wakati Majengo iko dakika arubaini kwa miguu kutoka chuoni.

Jibu moja ni kwamba alikuwa darasani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake mwaka 1970, baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjwa, na kazi ya kwanza ilikuwa kufundisha na kujaza nafasi zilizoachwa na Waingereza. Lakini chuo hicho kichanga kilifanya jambo ambalo halijasifiwa vya kutosha. Kilikuwa na mfuko wa ndani wa utafiti, uliogawiwa na Kamati ya Wakuu wa Vitivo. Mtu akisoma shukrani za makala za wasomi wa Nairobi za miaka ya 1970 na 1980, iwe ni juu ya mimea, magonjwa ya mifugo au masimulizi ya jadi, atakutana na jina la kamati hiyo mara kwa mara, kwa sentensi moja fupi mwishoni mwa ukurasa. Mwaka huohuo wa 1970 Taasisi ya Taaluma za Kiafrika ilianzishwa, Bethwell Ogot akiwa mkurugenzi wake wa kwanza, na ikafanya masimulizi ya mdomo kuwa kazi halali ya msomi. Hizi ndizo zilikuwa ruzuku za mbegu kabla neno halijazaliwa. Hazikuwa nyingi, lakini ziliamuliwa hapahapa, na watu ambao walijua Gikomba ni wapi.

Halafu kulikuwa na ruzuku nyingine ambayo hakuna mhasibu aliyeiita hivyo. Wenye umri wangu wanaikumbuka kwa jina lake la mabwenini, boom, posho ya mkopo wa wanafunzi. Ilinunua viatu, ilitumwa nyumbani kwa mama, na ndiyo, iliteketea River Road wikendi moja. Lakini pia ilimwezesha mwanafunzi wa mwaka wa tatu kupanda basi kwenda Jericho mara kumi na mbili kukusanya data za tasnifu bila kumwomba mtu.

Na kati ya tasnifu za enzi hiyo kuna moja ambayo kila anayeandika juu ya Sheng analazimika kuitaja. Mwaka 1986 Ken Osinde aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu Sheng, akichunguza sura yake ya kijamii na muundo wake. Shahada ya kwanza, msomaji! Kazi ya aina hiyo kwa kawaida haina mfadhili ila mzazi wa mwanafunzi, posho yake na saa za msimamizi. Miaka kumi na mmoja baadaye, mwaka 1997, Osinde pamoja na Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz walichapisha katika jarida la kimataifa la isimujamii makala kuhusu Sheng na Engsh, lugha mbili za mchanganyiko za vijana wa mjini, moja ikielekea Eastlands na nyingine ikielekea mitaa ya wenye nacho. Makala hiyo imenukuliwa duniani kote. Wanaoinukuu mara chache huhesabu ile miaka kumi na mmoja. Mbegu hukaa ardhini.

Baada ya hapo ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sera za marekebisho ya uchumi zilifika vyuoni: posho za wanafunzi zikaondolewa, karo ikaingia, mishahara ikapoteza nguvu. Mwishoni mwa 1993 wahadhiri waligoma wakidai chama chao, UASU, kisajiliwe, na mgomo ukaendelea hadi mwaka uliofuata. Katika hali hiyo nani angezungumzia kinasa sauti? Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mwaka 1998 masomo ya wanafunzi wanaojilipia, pesa ziliingia, lakini ziliingia zikiwa na njaa: madarasa ya jioni, majengo, matawi mjini. Mhadhiri alifundisha asubuhi wa serikali na jioni wa kujilipia, na Jumamosi akafanya ushauri wa kitaalamu kwa mashirika.

Huo ushauri wa kitaalamu unastahili aya yake, kwa sababu wengi huuchanganya na utafiti. Shirika lina swali lake: maji Mukuru, uhalifu Huruma, ukimwi Korogocho. Linampa profesa hojaji iliyokwisha andikwa Kiingereza, siku ishirini na moja, na malipo mazuri. Profesa anawatuma vijana wa Kayole kwenda mlangoni kwa watu. Vijana wale wanasimama mbele ya mama mwenye nyumba na kugeuza kila swali papo hapo liwe Sheng au Kiswahili cha mtaa, kwa ustadi ambao haujaandikwa mahali popote, kisha jibu wanaligeuza tena liwe Kiingereza kwenye karatasi. Ripoti inakwenda kwa shirika, nayo ni mali ya shirika. Kile kilichotokea mlangoni, ambacho kwa mwanaisimu ni dhahabu, kimemwagika. Kwa miaka mingi Eastlands ilihojiwa kuliko karibu sehemu yoyote ya nchi, na bado hatukupata kanda za lugha yake.

Palikuwa na visima vichache. CODESRIA ya Dakar ilikuwa na ruzuku ndogo za tasnifu, na OSSREA ya Addis Ababa ilitoa misaada midogo kwa watafiti wa sayansi ya jamii. Wenzangu kadhaa waliokolewa na pesa hizo, na ni haki kusema. Ila mtu aliyetaka kukaa na Sheng kwa miaka mitatu au minne alifunga mizigo. Angalia tu ramani ya vitabu na tasnifu: Chege Githiora akifanya kazi kutoka SOAS, London, makala yake ya 2002 na kitabu chake cha 2018, Philip Rudd na tasnifu ya uzamifu ya 2008 katika Chuo Kikuu cha Ball State, Indiana, Aurélia Ferrari huko Ufaransa. Hata kamusi ya Sheng na Kiingereza ya Mbaabu na Nzuga, iliyotoka mwaka 2003, ilichapishwa Dar es Salaam na TUKI, mrithi wa kamati ile ile ambayo miaka sitini kabla ilikuwa Nairobi ikisanifisha. Lugha ya Jericho ikapata kamusi mjini Dar! Mimi nilicheka nilipoiona, kisha nikainunua.

Je, kuna hasara gani ikiwa wengine wanalipa? Kazi si imefanyika? Imefanyika, na sehemu kubwa ni nzuri. Hasara iko katika maswali yanayokosa mwenyewe. Chukua pesa, maana tunazungumzia pesa. Eastlands ina hesabu yake: kobole ni shilingi tano, ashu kumi, mbao ishirini, finje hamsini, soo mia, ngiri elfu. Mbao imetoka wapi? Je, ni pauni iliyogeuzwa ulimi, kwa kuwa pauni ya Kenya ilikuwa shilingi 20? Au ni mbao ya seremala kweli, kwa sababu ambayo wazee wa Kaloleni waliijua? Na noti ya shilingi 500, ambayo wakati wa uchaguzi wa 1992 iliitwa Jirongo kwa jina la kiongozi wa kundi la vijana wa KANU, iliitwa hivyo mpaka lini, mtaa upi uliacha kwanza, neno gani lilichukua nafasi? Maneno ya aina hii yanazaliwa na kufa katika miaka mitano. Mfadhili mkubwa anachukua miaka miwili kutangaza, kupokea, kuchuja na kutoa. Mwenye kuweza kuyadaka ni mhadhiri aliye umbali wa matatu moja, mwenye pesa kidogo aliyopewa muhula huu, na ambaye hakutakiwa kueleza mtu wa Brussels kwa nini jambo hili lina maana.

Ulimwenguni fikra hii ya chuo kujipandia si ngeni. Katika miaka ya 1920 Harry Steenbock, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, aligundua kwamba mwanga wa urujuanimno unaongeza vitamini D katika chakula. Badala ya kuuza hataza yake kwa kampuni na kujitajirisha, alishirikiana na wahitimu wa chuo hicho kuunda wakfu mwaka 1925, na mapato ya hataza yakarudi chuoni kuwa ruzuku za utafiti, wenye kuamua wakiwa ni kamati ya maprofesa wenyewe. Ruzuku hizo zilivuka hata miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Jina la wakfu huo kwa kifupi ni WARF, na msomaji anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, warfarin, ameshalitamka bila kujua: dawa ilitokana na utafiti uliofadhiliwa na mfuko ule, na ikabeba jina lake. Anayeangalia mwanzo wake ataona mwanakemia akichunguza kwa nini ng'ombe wa Wisconsin waliokula nyasi zilizooza wanatokwa damu hadi kufa. Swali la wafugaji wa jirani.

Kwetu, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuandika kwamba Hazina itaupatia kila mwaka asilimia mbili ya Pato Ghafi la Taifa. Asilimia hiyo imebaki ndani ya sheria. Wakati huohuo mapato ya wanafunzi wanaojilipia yalianza kukauka baada ya mtihani wa KCSE wa 2016, ambapo waliofikia alama ya C+ walipungua sana, na serikali ikaweza kuwapa nafasi wote. Hivyo vyuo vilianza kuhubiri ruzuku za mbegu kwa sauti wakati uleule ambapo ghala lilikuwa linapungua. Hata hivyo zipo, na zinagawiwa, na nimekaa katika kamati zake kwa miaka kadhaa, katika zaidi ya chuo kimoja. Nina mawili matatu ya kusema.

Kwanza, ukubwa wa pesa si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Tatizo ni kutojua kama mwaka ujao zitakuwapo. Mtafiti wa lugha ya mtaa anahitaji kurudi kwa watu walewale mwaka baada ya mwaka. Ruzuku inayotoka mara moja kisha ikalala miaka minne inamfanya awe mgeni kila mara.

Pili, fomu zetu zimenakiliwa kutoka maabara. Zinauliza ubunifu gani utasajiliwa, bidhaa gani itaingia sokoni, makala ngapi ndani ya miezi kumi na miwili. Saa moja ya mazungumzo ya vijana watano kwenye kibanda cha chai Maringo inamchukua mnukuzi hodari saa sita hadi nane kuiandika, na ikiwa wanarukia Sheng, Kikamba na Kiingereza ndani ya sentensi moja, zaidi ya hapo. Miezi kumi na miwili inaishia kwenye unukuzi. Matokeo yake ni kwamba kijana mwerevu anajifunza kuandika ombi la programu ya simu, kwa sababu programu ina bidhaa, na Sheng inakuwa kiungo cha kutia ladha. Nimesoma maombi ya aina hiyo mengi. Baadhi niliyapitisha, maana nilijua mwombaji akishapata pesa atafanya kazi ya kweli pembeni.

Tatu ni risiti. Msicheke. Mkaguzi wa hesabu ana haki ya kutaka kujua pesa za umma zimekwenda wapi. Lakini kondakta wa matatu ya Kayole hatoi risiti, mzee wa Majengo aliyekupa saa tatu za maisha yake hawezi kukuandikia stakabadhi ya chai na kilo mbili za sukari, na kibanda cha mahamri hakina nambari ya ushuru. M-Pesa imesaidia, kwa kuwa sasa kuna ujumbe wa kuonyesha. Ila bado namjua mhadhiri, wa chuo ambacho sitakitaja, aliyerudisha theluthi ya ruzuku yake si kwa sababu aliila, bali aliitumia vizuri mahali pasipo karatasi. Hajaomba tena. Kama ni jambo la kurekebishwa kesho asubuhi bila kungoja Hazina, ni hili: kiwango maalumu cha matumizi ya mtaani kinachothibitishwa kwa daftari la mtafiti na saini ya mkuu wa idara.

Yote haya yana haraka kuliko yanavyoonekana. Mitaa ya kale ya Eastlands inabadilika mbele ya macho yetu. Pangani ya manispaa, yenye nyumba 48, ilibomolewa kupisha nyumba zaidi ya 1,500. Wakazi wa Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, nao wametakiwa kupisha mradi wa nyumba za bei nafuu. Sina ugomvi na nyumba mpya. Paa za zamani zinavuja na vyoo vya pamoja havimpendezi mtu. Ila mtaa unapotawanyika, wanatawanyika pia watu waliokuwa wakisemeshana kila jioni kwa miaka hamsini, na lugha ya mtaa haiishi ndani ya mtu mmoja aliyehamia Ruai. Makongeni na Muthurwa zina msamiati wa reli ambao haumo katika kamusi yoyote niliyofungua. Neno landi lenyewe, nyumba za wafanyakazi wa reli, ambalo Barabara ya Landhies bado inalibeba, lilisemwaje na wazee hao, kwa maana gani, na waliwaitaje waliokaa nje ya landi?

Nimejaribu kupiga hesabu. Wazee ishirini wa Makongeni, kila mmoja saa tano za mazungumzo kwa siku anazopenda yeye. Hizo ni saa mia moja za sauti. Kwa kadirio la saa nane za unukuzi kwa kila saa ya sauti tunapata saa mia nane, sawa na siku mia moja za kazi za msaidizi mmoja, ambaye ningependa awe amelelewa hukohuko, anayesikia tofauti kati ya mtu wa Makongeni na mtu wa Mbotela kabla hajamaliza salamu. Ongeza kinasa sauti kizuri, nakala mbili za kuhifadhi katika maktaba, nauli, chai na sukari. Bajeti hiyo inaingia katika kurasa mbili na haizidi kiwango cha ruzuku za ndani ninazozijua. Kinachonipa wasiwasi ni tarehe. Ombi likiwasilishwa mwezi huu, kamati itakaa muhula ujao, barua itatoka miezi miwili baadaye, na kibali cha maadili kitachukua muda wake. Msaidizi wetu akifika Makongeni na kinasa sauti chake itabidi kwanza aulize wazee wamehamia wapi.